Pekupeku Mpaka Barua Ije

Walikuwa wameshavuka daraja la mto na mji umebaki nyuma, ndipo Jasvant alipokumbuka kwamba hakufunga mlango wa chumba cha kufulia. Hakugeuza gari. Siku ile hata moteli yao ingewaka moto asingegeuza.

"Waibe," alisema. "Watachukua nini? Mashuka yenyewe yana madoa."

"Usitaje wizi asubuhi asubuhi," mkewe Kokila alimkemea kutoka kiti cha nyuma. "Leo tunataja mazuri tu. Hiral, mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Si umenilisha mwenyewe kwa mkono wako? Mtindi na sukari."

"Najua. Nauliza ili Mama Khodiyar asikie kwamba hukutoka nyumbani mkavu."

Hiral alikaa mbele na baba yake, karatasi zimejaa mapajani. Alikuwa na miaka kumi na saba, na mbele yake kulikuwa na mwendo wa saa tatu na nusu kwenda kaskazini, kule ziwani, kwenye chuo kilichomwita kwa usaili. Theluji ya Februari ilikuwa imerundikwa kando ya barabara, chafu kama sufi ya godoro la zamani.

Katika nchi ile, mtu anayetaka udaktari husoma kwanza chuo miaka minne kama watu wengine, kisha huenda kubisha hodi upya kwenye shule ya udaktari, na hapo ndipo wengi hufungiwa mlango. Lakini kuna vyuo vichache vinavyomchukua mtoto moja kwa moja kutoka sekondari na kumpa yote mawili kwa mpigo: soma hapa vizuri, kiti chako kule kinakungoja. Barua moja, safari ya miaka minane. Wahindi wa Kigujarati wenye moteli wanaijua hiyo barua kuliko wanavyojua hati za ndoa zao. Harusini, mtoto aliyeipata hutambulishwa kabla ya bwana harusi.

Hiral hakuwa mtoto wa namna hiyo, na alilijua hilo mapema. Wastani wake wa shule ulikuwa tatu nukta nne katika nne. Mtihani wa kuingilia vyuo aliufanya mara mbili, na mara zote mbili akapata ishirini na saba kati ya thelathini na sita. Bi Hollis, mshauri wa wanafunzi, alizitazama zile alama kama mtu anayetazama tairi lililokwisha.

"Wewe ni msichana mwenye bidii," alimwambia. "Omba vyuo vya kawaida. Udaktari utakuja baadaye, ukija."

Hiral aliomba vyuo kumi na kimoja vya ile njia ya moja kwa moja. Kumi vilimkataa, kimoja kwa mistari miwili tu. Cha kumi na moja kilimwita, na sababu haikuwa siri. Kilikuwa na viti vichache kilivyowatengea watoto wa kaunti za milimani, kule ambako madaktari hawakai. Kaunti ya kina Hiral ilikuwa na madaktari wawili, na mmoja wao alikuwa na miaka themanini.

Mama yake hakuikubali sababu hiyo. Kwake, aliyeitwa alikuwa Hiral, na aliyemwita ni nadhiri.

Nadhiri hiyo aliiweka Oktoba, siku za ngoma za sikukuu ya Navratri, mbele ya picha ya Mama Khodiyar, mungu wa kike wa ukoo wao, iliyotundikwa nyuma ya ubao wa funguo pale mapokezi. "Sitavaa kiatu wala kandambili," alisema, na Jasvant alikuwa shahidi, "mpaka mwanangu apate barua ya njia ya moja kwa moja." Akavua viatu vyake, akavifuta vumbi, akaviweka kabatini.

Kosa lilikuwa dogo, tena la haraka. Mtoto wa binamu yake alipata barua yake mwezi wa kumi na mbili, naye akadhani barua zote huja mwezi wa kumi na mbili. Hakuna aliyemwambia kwamba nyingine huja Machi. Na neno likishatamkwa mbele ya Mama halirudishwi dukani.

Novemba theluji ikaanguka. Kokila ndiye aliyesafisha vyumba vyote ishirini na viwili, na milango ya vyumba inafunguka nje, kwenye maegesho. Jasvant alikata vipande vya zulia kuukuu akavitandika kutoka mlango hadi mlango, upepo ukavichukua. Akashauri soksi. Dada yake, Taru, akapigiwa simu New Jersey atoe hukumu, maana yeye ndiye aliyejua dini katika ukoo ule, au alisema anaijua.

"Soksi ni nini kama si kiatu cha kitambaa?" Taru aliuliza.

"Kiatu kina soli," Jasvant alijibu.

"Ehe! Na wewe tangu lini umekuwa padri wa hekalu? Kaa na funguo zako, kaka."

Soksi zikakataliwa. Dereva mmoja wa lori, mteja wa miaka mingi, alimwona Kokila akisukuma toroli la mashuka juu ya barafu, miguu mitupu, myekundu kama nyama ya bucha. Asubuhi alipoondoka aliacha jozi ya buti za mpira, mpya, mlangoni pa chumba namba tisa. Kokila alimwombea dua yule dereva, kisha akazipeleka buti kanisani kwa maskini.

"Wala siisikii baridi," alikuwa akiwaambia watu. "Hata kidogo! Natembea kama niko juu ya pamba. Mnaona? Mama ameishika miguu yangu."

Kokila alikuwa na kisukari mwaka wa tisa. Hiral alikuwa amesoma, katika kitabu cha biolojia, somo alilopata alama B, kwamba kisukari huua hisia za miguu. Alisoma, akajibu swali lake la mtihani, akafunga kitabu. Mwezi wa kwanza mama yake alikanyaga kigae cha chupa katika chumba namba kumi na nne, akajua tu alipoona nyayo za damu kwenye zulia alilokuwa amemaliza kulisafisha. Alikitoa kwa kibanio cha nyusi, akapaka manjano na samli, akafunga kitambaa. Taru alikihalalisha kitambaa, ilimradi kisifunike kidole gumba.

Sasa ndani ya gari hita ilikuwa inavuma, na kulikuwa na harufu.

"Nini hiyo?" Jasvant aliuliza.

"Mvuje," Kokila alisema. "Achari ya Taru imevuja kwenye mfuko. Endesha."

Hiral aliijua harufu ya mvuje tangu tumboni. Hii haikuwa mvuje. Ilikuwa tamutamu, kama maji ya maua yaliyosahauliwa chumbani wiki tatu baada ya mgeni kuondoka. Aligeuka akamwona mama yake amefunika miguu kwa blanketi, anatabasamu, tasbihi mkononi. Akajua kwamba akiuliza atajibiwa, na akijibiwa gari litageuka. Akashusha kioo vidole viwili, akarudi kwenye karatasi yake. Kwa nini unataka kuwa daktari? Jibu lake lilikuwa la sita sasa, na kila moja lilikuwa zuri kuliko lililotangulia.

Ukumbi wa kungojea ulikuwa umejaa wazazi waliovaa kama wanakwenda mahakamani. Mama mmoja wa Kigujarati mwenye sari ya rangi ya zambarau alimtazama Kokila chini, akamsogelea.

"Nadhiri, dada?"

"Nadhiri."

"Wangu ana thelathini na tano katika mtihani. Thelathini na tano! Lakini moyo wa mzazi unajua kutulia? Mimi nimeacha chai."

"Chai tu?" Kokila aliuliza, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo, majivuno pekee aliyoyapata mwaka ule.

Hiral aliitwa. Ndani walikuwa wawili. Kijana mmoja aliyeitwa Pruitt, mwenye faili na kalamu tatu, na mama mtu mzima, Daktari Lindqvist, aliyefanya upasuaji miaka arobaini na sasa alikuwa anachagua watoto. Pruitt aliuliza kuhusu alama. Hiral alijibu kama alivyojifunza: moteli, kazi za jioni, kujifunza uvumilivu. Pruitt akaandika. Akauliza kuhusu kuhudumia wagonjwa. Hiral akaeleza juu ya nyumba ya wazee alikokwenda Jumamosi nane kuwasomea magazeti, na jinsi alivyojifunza kwamba udaktari ni kutazama.

"Kutazama," Daktari Lindqvist alisema. Ndiyo mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Yule mama asiye na viatu hapo nje ni mama yako?"

Uso wa Hiral ukawaka. "Ndiyo. Ni mambo ya dini, daktari. Ameweka nadhiri kwa ajili yangu. Kwetu, mzazi—"

"Sikuuliza kwa nini. Mguu wake wa kushoto una nini?"

Alifungua mdomo. Majibu sita aliyokuwa nayo hayakuwa na mguu ndani yake.

"Sijui," alisema.

"Una muda gani hujui?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

Daktari Lindqvist aliinuka, akamwachia Pruitt faili, akatoka nje. Hiral akamfuata. Yule bibi alipiga magoti mbele ya Kokila, mifupa ikalia, akaanza kufungua kitambaa.

Kokila akapiga ukelele. "Hiral! Mwambie ainuke! Mtu mzima kuliko mimi ananishika miguu? Ananitia dhambi! Inuka, bibi, inuka, mimi ndiye wa kukushika miguu wewe!"

"Anasemaje?" daktari aliuliza.

"Anasema usimguse."

"Mwambie nimeshamgusa."

Kitambaa kikatoka. Mama wa sari ya zambarau akaziba pua kwa ncha ya sari, akasogea viti vitatu. Chini ya mguu kulikuwa na shimo jeusi kiasi cha kuingia dole gumba, na vidole viwili vilikuwa vimebadilika rangi. Daktari akabonyeza hapa na pale. "Unasikia? Unasikia hapa?" Kokila akatikisa kichwa kwa furaha, hapana, hasikii kitu, akaanza kumweleza juu ya pamba.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Kokila hakuwa mbishi wa kila kitu. Alikubali sindano, alikubali maji ya dawa mshipani, alikubali kisu kikwangue kidonda. Alichokataa ni kiatu. Walileta kiatu kikubwa cha kijivu, chenye mikanda, cha kuuinua mguu ili kidonda kisiguse chini. Bila hicho, walisema, kila hatua inakifukua kidonda upya, na mguu utakwenda.

"Barua bado," Kokila alisema.

"Kokila, nakuomba," Jasvant alisema. Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeitwa na bosi. "Hiki si kiatu, ni dawa. Umbo tu ndilo la kiatu."

"Mpigie dada yako umuulize."

"Simpigii mtu!"

"Basi kivae wewe. Nimevumilia miezi minne, nishindwe na wiki tatu? Mama ananipima tu, mwisho umefika. Nikivaa leo, mwanangu atakosa kesho, na wewe ndiye utakayemwambia kwa nini."

Saa mbili walibishana. Muuguzi aliingia, akatoka. Hiral alikuwa amesimama dirishani akitazama chuo ng'ambo ya barabara, madirisha yake yakiwaka taa mchana. Alijua hana kiti kule. Alilijua tangu aliposema sijui. Akageuka.

"Mama, wameshaniambia."

"Wamekwambia nini?"

"Yule daktari bibi. Kule ndani. Nimepata. Barua itakuja kwa posta, lakini ni karatasi tu sasa."

Jasvant akamtazama. Kokila hakulia, hakucheka.

"Njoo. Weka mkono kichwani pangu."

Kwao mtu haapi kwa kitabu. Anaapa kwa kichwa cha ampendaye, na kiapo kikiwa cha uongo, mwenye kichwa ndiye anayelipa. Hiral aliweka kiganja juu ya nywele za mama yake, juu ya mafuta ya nazi na joto la homa.

"Naapa kwako, mama. Nimepata."

Kokila akanyoosha mguu. Alipofungiwa mikanda ndipo machozi yakaja, akakipapasa kile kiatu kama mtoto wa paka. "Kizuri," alisema. "Laini. Leteni simu, nimwambie Taru."

Kabla hawajarudi nyumbani, moteli thelathini za majimbo manne zilikuwa na habari. Hiral alijiambia kwamba ni uongo wa wiki tatu tu, na kwamba kuna watu waliopata kwa alama mbovu kuliko zake. Mfa maji haachi kutapatapa. Kila siku baada ya shule alikwenda hadi sanduku la barua, na kila siku baba yake alikuwa amemtangulia.

Wiki ya tatu ya Machi Jasvant alimwita chumba cha kufulia, mashine zote za kukaushia zikinguruma ili mama asisikie. Barua ilikuwa imeshafunguliwa. Ilimshukuru kwa kuja.

"Ulisema wamekwambia."

"Hawakuniambia kitu, baba."

Jasvant alichukua taulo akaikunja, akachukua nyingine. Alikunja taulo tisa. "Jumapili Taru anakuja kupika lapsi, ngano tamu ya shukrani, ya watu sitini," alisema. "Mama yako homa haijashuka. Nani atamwambia? Mimi siwezi. Wewe je, unaweza?"

"Siwezi."

"Basi tutakula lapsi."

Wakala. Chumba cha kifungua kinywa kilijaa watu, ngano tamu na samli zikimeremeta kwenye sufuria tatu, Kokila kwenye kiti cha mfalme na mguu wake juu ya stuli. Hiral alipita akigusa miguu ya wakubwa mmoja mmoja, kama inavyompasa mtoto aliyefanikiwa.

"Daktari! Goti langu hili linalia kila nikipanda ngazi!"

"Muulize na upara wako, labda ana dawa!"

"Usisahau shangazi yako ukishakuwa na nyumba ya ghorofa," Taru alisema, akimtia tonge la lapsi mdomoni. "Mimi ndiye niliyezuia zile soksi."

Hiral alimeza.

Aprili walikata mguu, chini kidogo ya goti. Kiatu kilikuja kikiwa kimechelewa. Wapasuaji walisema mwezi mmoja mapema kingetosha. Kokila alipozinduka na kupata nguvu za kuongea, muuguzi alikuwa anampongeza kwa binti daktari, naye alikuwa anacheka, midomo mikavu.

"Mguu ni kitu gani?" alimwambia Hiral. "Mama kachukua mguu, katoa kiti. Mguu wangu unazeeka, kiti chako hakizeeki. Nimepata faida mimi. Kwa nini unalia? Daktari halii mbele ya mgonjwa."

"Mama, hakuna kiti."

Muuguzi hakuelewa lugha yao. Aliendelea kunyoosha shuka.

"Kiti gani?" Kokila aliuliza.

"Walinikataa. Barua anayo baba tangu Machi. Siku ile hawakuniambia kitu. Nilitaka uvae kiatu."

Kokila akaitazama dari. Dari ilikuwa na vigae vyenye vitobo, na alionekana kama anavihesabu.

"Ulinishika kichwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ahaa." Hakupandisha sauti. "Basi ndiyo maana."

Hiral alitaka kumwambia juu ya kigae cha chupa, na sukari, na mishipa isiyopeleka damu, mambo aliyoyajua sasa kuliko wakati wowote. Mama yake alikuwa ameutoa nje ya shuka mguu uliobaki. Hospitali ilikuwa imeuvika soksi ya kahawia yenye nukta za mpira chini.

"Nivue hiyo soksi," Kokila alisema. "Barua bado."

Hiral akamvua.

Kokila aliishi miaka miwili na miezi minne baada ya hapo. Alitembelea magongo, mguu wake wa kulia mtupu kiangazi na kipupwe, na mguu wa bandia aliopewa hakuuvaa, kwa sababu ulikuja na kiatu. Figo ndizo zilizomwua. Taru alitaka avikwe viatu vyake vya kabatini kabla ya kuchomwa. Jasvant akakataa, na tangu siku ile kaka na dada hawasemezani.

Jasvant aliuza moteli. Anaishi kwa mdogo wake Tennessee, na asubuhi anapokea wageni kwenye moteli ya huyo mdogo wake.

Mtoto wa mama wa sari ya zambarau alipata kiti. Ni daktari wa ngozi Arizona. Mama yake anakunywa chai.

Daktari Lindqvist alistaafu mwaka uleule.

Hiral alisoma chuo cha kawaida ng'ambo ya mto kwa mwaka mmoja na nusu, kisha akaacha. Hakuomba tena udaktari popote. Ameajiriwa katika kituo cha kusafishia damu wagonjwa wa figo. Kazi yake ni kuwapima uzito wakiingia na wakitoka. Kabla hawajapanda kwenye mizani huwaambia wavue viatu, kisha huinama kutazama nyayo zao, ingawa hakuna aliyemwagiza.

Kile kiatu cha kijivu kilibaki chumba cha kufulia. Wenye moteli wapya wamekitupa.